Maarifa ya kundi yasipotelee kwenye gumzo: namna ya kuyavuna, kuyapanga na kuyatunza

Kundi lolote la watu wanaopenda kitu kimoja, iwe ushonaji, samaki wa mapambo, redio, baiskeli au uokaji wa mikate, hutoa majibu mazuri kila wiki na kuyapoteza kila wiki. Mtu anauliza kwa nini cherehani yake inaruka mishono, fundi mzoefu anamjibu kwa dakika tano, tatizo linaisha. Miezi miwili baadaye swali lilelile linarudi. Fundi yule amechoka au amehama, na jibu lake limefukiwa chini ya salamu, picha na pongezi za siku ya kuzaliwa.

Na majukwaa yenyewe hayaahidi kitu. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009 pamoja na kurasa za maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida. Mwaka 2017 Photobucket ilizuia picha zake kuonekana kwenye tovuti nyingine isipokuwa kwa waliolipia, na maelekezo ya miaka mingi yakabaki yanasema "tazama picha ya tatu" mahali pasipo na picha. Google+ ilizimwa Aprili 2019. Yahoo Groups ilianza kufuta maudhui mwishoni mwa 2019 na kufungwa kabisa tarehe 15 Desemba 2020. Kila mara waliokuwa salama zaidi ni wale waliokuwa na nakala zao kabla ya tangazo kutolewa.

Mwongozo huu ni wa kundi dogo au la kati, lenye watu wawili au watatu walio tayari kutoa saa moja kwa wiki. Hauhitaji mtaalamu wa kompyuta.

Chagua cha kuvuna

Usijaribu kuhifadhi kila kitu. Mazungumzo ya mwaka mzima yaliyorundikwa kwenye faili moja hayasomwi na mtu. Vuna aina nne: jibu ambalo muulizaji amerudi kusema limefanya kazi, vipimo, michoro na kanuni za mchanganyiko, majaribio yaliyoshindwa na sababu zake, na nyaraka adimu, kama kitabu cha maelekezo cha mashine isiyotengenezwa tena. Aina ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo huokoa muda na vifaa vya watu wengi. Mabishano ya chapa ipi ni bora yaache yapite.

Wagaweni wavunaji kwa zamu, mmoja kila wiki. Mwanachama yeyote akiona jibu zuri aweke alama moja mliyokubaliana, tuseme emoji ya kitabu, na mvunaji apitie zenye alama mwisho wa wiki. Zamu ikirukwa kwa wiki mbili, ya tatu huwa mzigo na kazi hufa. Ni afadhali kuvuna majibu matatu kila wiki bila kukosa kuliko thelathini kwa siku moja ya hamasa.

Usitegemee kubandika ujumbe juu ya gumzo. Kwenye WhatsApp ujumbe uliobandikwa hudumu saa 24, siku 7 au siku 30 kisha hubanduka. Ujumbe uliowekewa nyota huonekana kwako tu. Kagua pia kama kundi limewasha ujumbe wa kutoweka, maana hapo kuna tarehe ya mwisho: saa 24, siku 7 au siku 90.

Kadi moja, tatizo moja

Kadi ni faili fupi ya maandishi inayobeba tatizo moja na jibu lake. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kunakili jibu peke yake hakutoshi, kwa sababu jibu la gumzo huegemea vitu ambavyo wawili wale walikuwa wanavijua na msomaji wa kesho havijui. Tazama mazungumzo haya:

— Cherehani inaruka mishono, naombeni msaada.
— Badilisha sindano.
— Nimebadilisha, bado vilevile.
— Ubapa umeuelekeza wapi? Uende nyuma.
— Imekubali! Asante sana fundi.

Mvunaji mwenye haraka ataandika "Mishono ikiruka, geuza ubapa wa sindano nyuma." Ubapa ni upande bapa wa shina la sindano, na sentensi hiyo ni kweli kwa cherehani nyingi za nyumbani za siku hizi. Lakini zipo cherehani za zamani ambazo ubapa hutazama pembeni, na sindano nyingi za mashine za kiwandani zina shina la mviringo lisilo na ubapa kabisa. Mwenye mashine ya aina hiyo akifuata sentensi ile, atatengeneza tatizo ambalo hakuwa nalo. Kwa hiyo mvunaji anarudi kwa muulizaji, anauliza maswali matatu ya ziada, kisha anaandika hivi:

Namba: 0047
Dalili: Cherehani inaruka mishono, hata baada ya kuweka sindano mpya.
Kifaa: Cherehani ya nyumbani (andika modeli kamili), sindano ya mfumo 130/705 H, ukubwa 90/14, kitambaa cha pamba kisichovutika, uzi wa poliesta.
Kilichojaribiwa bila mafanikio: Sindano mpya ya aina ileile.
Kilichofaulu: Sindano ilikuwa imegeuzwa. Imetolewa, ikarudishwa ubapa ukitazama nyuma, ikasukumwa juu mpaka mwisho, skrubu ikakazwa.
Kwa nini: Upande wa ubapa, juu kidogo ya tundu, sindano ina kishimo ambamo ncha ya ndoana hupita kuukamata uzi wa juu. Sindano ikigeuka, ndoana inakosa kitanzi cha uzi, na mshono haufungwi.
Mipaka: Haihusu mashine ambazo ubapa hutazama pembeni, wala za sindano za shina la mviringo. Kama kitambaa kinavutika, jaribu kwanza sindano ya ncha butu, kadi 0032.
Hali: Imethibitishwa na mtu mmoja, 2025-03-09.
Chanzo: Gumzo la kundi, 2025-03-08, jibu la (jina analotumia kundini, kwa idhini yake).

Sehemu mbili zisiachwe wazi hata siku moja. Ya kwanza ni "Kwa nini", kwa sababu anayejua sababu anaweza kutatua tatizo jirani ambalo halina kadi. Ya pili ni "Mipaka". Kadi isiyo na mipaka husomwa kama amri kwa kila mashine, kila tangi na kila unga duniani. Kama mvunaji hajui mipaka, aandike "Haijajaribiwa kwenye modeli nyingine", na hiyo tayari ni taarifa.

Kwa umeme, dawa, gesi na kemikali wekeni sharti la watu wawili kuthibitisha, kila mmoja kwa kifaa chake, kabla kadi haijapewa hali ya "Imethibitishwa".

Vipimo

Makosa mengi ya kuhifadhi maarifa huingilia hapa. Mtu anasema "dawa ya tangi la galoni 50" na mwandishi anaandika hivyohivyo. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Tangi hilo basi lina lita 189 au lita 227, na tofauti hiyo ya lita 38 hivi inaweza kuzidisha dawa ya samaki kwa takribani moja ya tano. Kijiko kikubwa ni mililita 15 sehemu nyingi, lakini Australia ni 20. Kikombe cha kupimia ni mililita 250 kwa wengine, karibu 237 Marekani, na 200 Japani.

Kanuni yetu ni hii: andika kipimo kama kilivyotolewa, kisha pembeni yake gramu, mililita au milimita ulizohakikisha kwa msemaji mwenyewe. Kipimo cha awali usikifute. Ukikosea kugeuza, wa baadaye ataona mlipoteleza. Unga na chumvi vipimwe kwa uzito. Unga uliochotwa kwa kushindiliwa na uliomiminwa polepole havijazi kikombe sawa.

Sauti, video na picha

Ujumbe wa sauti wa dakika nne mara nyingi una sentensi sita zenye mali. Uandike, na faili ya sauti uitunze vilevile. Video ipewe alama za muda ndani ya kadi: "2:10 kufungua kifuniko, 4:35 mahali pa kuweka mafuta". Bila alama hizo hakuna atakayetazama dakika kumi na tisa kutafuta skrubu moja.

Picha ya skrini ya maandishi ni hifadhi mbovu. Mara nyingi haitafutiki kwa neno, haisomeki vizuri na programu za kuwasomea wasioona, na mara nyingi inabeba namba za simu za watu. Nakili maandishi yenyewe.

Picha za kazi ziombwe kwa aliyepiga, zitumwe kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa kuwa programu za gumzo hubana picha na kufuta maelezo madogo: nyufa za bodi ya umeme, namba ndogo kwenye kapasita, mwelekeo wa nyuzi za kitambaa. Hata hivyo, picha iliyotumwa kama faili hubaki na taarifa zake za ndani, yakiwemo mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa ikirekodi. Nyumba ya mtu isiingie kwenye maktaba yenu. Ondoa taarifa za mahali kabla ya kuweka picha hadharani; kwa programu ya ExifTool amri ni hii:

`exiftool -gps:all= 0047-a-ubapa-nyuma.jpg`

ExifTool huacha nakala ya awali yenye neno `_original` mwishoni mwa jina. Ifute hiyo, la sivyo umefanya kazi bure.

Ndani ya kadi andika picha inaonyesha nini na jicho litue wapi: "Picha a: sindano ikitazamwa kutoka kulia, ubapa uko upande wa nyuma." Siku picha ikipotea, maelezo hayo yataibeba kadi.

Kutoa mazungumzo kwenye programu

Pamoja na kadi, tunza mazungumzo ghafi kama ushahidi. Kwenye WhatsApp, menyu ya gumzo ina sehemu ya kulihamisha (Export chat). Utapata faili ya maandishi. Kuna ukomo: takribani ujumbe 10,000 wa karibuni ukichukua na picha, 40,000 bila picha. Kundi lenye maneno mengi hufikia ukomo huo haraka, hivyo toeni nakala kila mwezi. Telegram ya kwenye kompyuta hutoa historia kwa HTML ya kusomwa na watu au JSON ya kusomwa na programu. Chukueni zote mbili. Ghafi hizi zina namba na majina ya watu. Zikae kwa wasimamizi, zisigawiwe.

Kiungo cha faili hakitoshi kuwa hifadhi. Viungo vya faili za Discord vinavyobandikwa nje ya Discord hufa baada ya siku moja tangu mwishoni mwa 2023. Pakua faili yenyewe.

Kurasa za tovuti zenye msaada zipelekeni kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, kwa `web.archive.org/save`, na kiungo cha nakala kiandikwe kwenye kadi kando ya kiungo cha awali. Kurasa zinazodai kuingia kwa nywila haziwezi kunaswa hivyo. Zihifadhi kutoka kwenye kivinjari chako. Mwenye tovuti ndogo ya zamani akikuruhusu kunakili yote, tumia programu ya wget, na badala ya ANWANI weka anwani ya tovuti hiyo:

`wget --mirror --convert-links --page-requisites --no-parent --wait=2 ANWANI`

Ukisahau `--no-parent`, programu itapanda folda za juu na kuanza kunakili usivyovihitaji. Ukisahau `--wait`, utaielemea seva ya mtu aliyekufanyia hisani.

Kupanga ili kitu kionekane

Watu hutafuta kwa dalili. Anayeshona hajui kwamba tatizo lake ni mkazo wa uzi wa juu. Anachokiona ni uzi uliojikunja kama kiota chini ya kitambaa. Kadi ikiitwa "Marekebisho ya mkazo", hataifikia kamwe. Iite "Uzi unajikunja chini ya kitambaa", kisha ndani umweleze kwamba fundo linaonekana chini ila chanzo mara nyingi kipo juu: uzi ulipitishwa mguu wa kukandamiza ukiwa umeshushwa, visahani vya mkazo vikawa vimefunga na uzi haukuingia kati yake. Jina la dalili humleta msomaji, na maelezo humfikisha kwenye chanzo.

Folda zisizidi ngazi mbili. Majina ya faili yaanze na namba ya kadi, herufi ndogo, kistari badala ya nafasi: `0047-inaruka-mishono.md`. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2025-03-09, ili zijipange zenyewe na zisigombane kati ya wanaoanza na siku na wanaoanza na mwezi.

Lebo ziwe chache na ziwe kwenye orodha moja iliyoandikwa, arobaini zinatosha kundi lolote. Mkimwachia kila mtu abuni zake, baada ya mwaka mtakuwa na "sindano", "masindano" na "sindano-cherehani", na kila moja itaficha theluthi ya kadi. Pembeni ya kila lebo orodhesheni majina mengine ya kitu hichohicho, pamoja na la mtaani na la Kiingereza.

Faharasa iwe lahajedwali moja: namba, dalili, kifaa, lebo, hali, tarehe ya kukaguliwa mara ya mwisho, jina la faili. Itunzwe pia kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu.

Kuhusu muundo wa faili, maandishi ya kawaida ya UTF-8 (mfumo wa kawaida wa kuandika herufi kwenye kompyuta) yatasomeka hata programu zote za leo zikitoweka. Vitabu vya maelekezo vilivyoskaniwa viwe PDF/A, muundo wa PDF uliotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi, na vipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi kama Tesseract ili vitafutike. Mkitaka wiki, DokuWiki inafaa kundi dogo kwa kuwa kurasa zake ni faili za maandishi zisizohitaji hifadhidata. Hata seva ikifa, unanakili folda na maarifa yote umeyabeba. Kwa kadi chini ya mia tatu, folda ya pamoja na faharasa vinatosha kabisa.

Kabla ya kuamua programu yoyote ya kutunzia kadi, weka kadi kumi zenye picha, zitoe, kisha zifungue kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo. Picha zikipotea au majina yakigeuka namba zisizoeleweka, achana nayo.

Idhini

Ujuzi wa kwamba ubapa hutazama nyuma ni wa kila mtu. Maneno, picha na michoro ni mali ya aliyeitengeneza. Njia nyepesi ni kundi kukubaliana kwa maandishi kwamba, kuanzia tarehe fulani, vinavyoingia kwenye kadi vinatolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0: yeyote aweza kutumia na kurekebisha mradi ataje chanzo na atoe kwa masharti yaleyale. Makubaliano hayo hayawafungi waliochangia kabla yake. Hao waombwe mmojammoja, na wasiopatikana maelezo yao yaandikwe upya kwa maneno yenu. Mtu akiomba jina lake liondolewe, liondoeni siku hiyohiyo.

Nakala

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa jengo jingine. Folda inayojilinganisha yenyewe kati ya vifaa haihesabiki, maana faili ikifutwa kwa bahati mbaya kwenye kifaa kimoja hufutika kote. Kila mwezi tengeneza nakala yenye tarehe isiyoguswa tena. Flashi ni chombo cha kusafirishia: ikikaa miaka bila umeme huweza kupoteza data bila dalili yoyote.

Uharibifu wa kimyakimya hugunduliwa kwa alama za uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na ambayo hubadilika faili ikibadilika. Ndani ya folda ya maktaba, kwenye Linux:

`find . -type f ! -name hakiki.txt -exec sha256sum {} + > hakiki.txt`

Baadaye, juu ya nakala yoyote:

`sha256sum -c --quiet hakiki.txt`

Ikinyamaza, kila faili iko vilevile. Ikitaja jina, chukua faili hiyo kutoka nakala nyingine. Sehemu ya `! -name` isiachwe, la sivyo faili ya hakiki itajipima yenyewe ikiwa bado inaandikwa na italalamika kila mara.

Nywila za akaunti, barua pepe iliyosajili jina la tovuti na tarehe ya kuilipia viwe mikononi mwa watu watatu. Maktaba nyingi nzuri zimezimika kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo, na hakuna aliyejua tarehe ya malipo.

Kuitumia kila siku

Swali likirudi, usimwambie mgeni "tafuta kwanza". Mpe jibu kwa sentensi mbili na namba ya kadi. Anajifunza njia ya maktaba akiwa ameshasaidiwa, na wewe umejibu kwa sekunde kumi. Akirudi kusema haikufanya kazi, hiyo ndiyo habari yenye thamani kuliko zote: muulize modeli, vipimo na alichokiona, uongeze kwenye "Mipaka". Kadi iliyopitwa usiifute. Badilisha hali iwe "Imepitwa", andika sababu na namba ya kadi mpya, kwa sababu kuna watakaofika na kiungo cha zamani.

Mara mbili kwa mwaka panga kadi kwa tarehe ya kukaguliwa, chukua ishirini za zamani zaidi, na uwaombe wenye vifaa hivyo wazijaribu tena mbele ya mashine zao.